Jino Lisisingiziwe

Hotuba juu ya kuota meno kwa watoto wachanga, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



 Kamati ilitutaka tuchague jambo moja lihusulo afya ya jamaa zetu, nasi tumechagua jambo lililo dogo kwa kimo lakini kubwa kwa uzito, yaani kuota meno kwa watoto wachanga. Huenda mzee mmoja akajiuliza moyoni, Je, hili si jambo la akina mama, la kuzungumzwa jikoni? Lakini nauli ya kwenda hospitali hutoka mfukoni mwa baba, na neno la mwisho, kama mtoto apelekwe kwa daktari au akae nyumbani, mara nyingi hutoka kinywani mwa babu na nyanya. Basi jambo hili ni letu sote.

Neno tunalotaka kulisema ni moja tu, nalo ni hili: jino la mtoto husingiziwa. Hushtakiwa kwa homa, kwa kuhara, kwa kutapika na hata kwa degedege, na wakati sisi tunapokaa barazani tukilihukumu jino, mwizi wa kweli yumo ndani ya nyumba akifanya kazi yake.

Na tuanze na safari ya jino lenyewe. Meno ya utoto ni 20, kumi juu na kumi chini, wala hayaanzi kuumbwa siku yaonekanapo. Mbegu zake huanza kuumbwa mtoto angali tumboni mwa mamaye, na azaliwapo yote yamo ndani ya mataya, yamefunikwa na ufizi kama mahindi yaliyofunikwa na udongo yakingoja siku yake. Kwa watoto wengi meno mawili ya mbele ya chini hutangulia, kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Hufuata mawili ya mbele ya juu, kati ya mwezi wa 8 na wa 12, kisha yale yaliyo kando yake. Magego ya kwanza hutoka kati ya mwezi wa 13 na wa 19, chonge kati ya mwezi wa 16 na wa 23, na magego ya mwisho ya utoto kati ya mwezi wa 23 na wa 33. Hivyo mtoto afikapo miaka 3 kwa kawaida amekwisha kuyapata yote.

Lakini hesabu hii si amri ya serikali. Yuko mtoto aonyeshaye jino la kwanza katika mwezi wa 4, na yuko angojaye hata mwaka utimie, na wote wawili ni wazima. Ikiwa miezi 18 imepita bila hata jino moja kuonekana, hapo na aonyeshwe daktari wa meno. Yuko pia mtoto ambaye meno yake ya juu hutangulia yale ya chini. Watu wa pwani walimwita mtoto wa namna hiyo kijego, na zamani alidhaniwa kuwa mkosi nyumbani. Siku hizi twajua kwamba kutangulia kwa jino hili au lile hakuna habari ya bahati wala nuksi, na mtoto huyo hana kosa lolote la kuogopwa.

Sasa na tutenge yaliyo ya jino na yasiyo ya jino. Jino linapokaribia kutoka, mtoto hutokwa na udenda mwingi. Hutafuna kila alishikalo, husugua ufizi na masikio, hukasirika upesi, huamka mara kwa mara, na hamu yake ya vyakula vigumu hupungua. Ufizi waweza kuvimba kidogo na kuwa mwekundu, na joto la mwili laweza kupanda kidogo tu. Hayo ndiyo ya jino, nayo hudumu siku chache kabla na baada ya jino kutokea, kisha hupita.

Hatusemi hayo kwa kubahatisha. Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa madaktari wa Cleveland, katika Marekani. Wazazi wa watoto 125 walipima joto la watoto wao na kuandika dalili zao mara mbili kila siku, mpaka zikapatikana habari za kutokea kwa meno 475. Siku za meno zilipolinganishwa na siku nyingine, ilionekana kwamba udenda, kutafuna, kusugua ufizi na hasira huzidi siku za meno. Lakini homa kali, kuhara, kutapika na kukohoa havikuonekana kufuatana na meno. Basi kipimo chetu na kiwe hiki: joto lifikalo sentigredi 38 au zaidi lisihesabiwe kuwa la jino, wala kuhara, wala kutapika, wala degedege. Dalili hizo ni za ugonjwa, na ugonjwa una jina lake na dawa yake.

Mtu atauliza, Mbona basi nyanya zetu waliona kwa macho yao mtoto akihara, na baada ya siku mbili jino likatokea? Waliona kweli, wala hatuwatii kasoro. Mambo hayo mawili huja pamoja, lakini moja halimzai mwenziwe. Wahenga walisema, Jogoo likiwika lisiwike kutakucha. Jogoo huwika na jua huchomoza, ila si jogoo alitoaye jua. Ndivyo ilivyo kwa jino. Karibu na mwezi wa 6, jino la kwanza linapojitayarisha kutoka, mambo mengine matatu huwa yamefika nyumbani wakati ule ule. La kwanza, ile kinga mtoto aliyoipokea kwa mamaye kabla ya kuzaliwa imekwisha kupungua. La pili, ameanza kula uji na viazi vilivyopondwa, na kikombe, kijiko na maji yasiyochemshwa vyaweza kumletea vijidudu. La tatu, ameanza kukaa na kutambaa, na kila aokotalo sakafuni hulitia kinywani. Tena mbu wa malaria hamwulizi mtoto kama anaota meno. Kwa kuwa meno 20 hutoka kwa zamu tangu mwezi wa 6 hadi karibu miaka 3, ni vigumu kupata ugonjwa wowote wa utoto usiokutana na jino njiani.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliolisingizia jino. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, aliandika habari za mtoto wa miezi 8 wa jamaa ya kitawala aliyefariki. Maiti yake ilipokaguliwa haikuonekana sababu nyingine ya kifo, ila ufizi ulipopasuliwa yalionekana meno chini yake, basi ikasadikiwa kwamba meno ndiyo yaliyomwua. Lakini meno hayo yangeonekana katika kila mtoto wa umri ule! Kwa fundisho hilo, watoto wa Ulaya walipasuliwa fizi zao kwa visu kwa muda wa karne tatu. Mwaka 1839 vitabu vya serikali vya Uingereza na Wales viliandika vifo 5,016 kuwa vimeletwa na kuota meno. Baadaye elimu ya vijidudu na maji safi ilipoenea, vifo hivyo vilipata majina yao ya kweli, na jino likatoka kizuizini.

Dawa za kutibu meno nazo zimeua. Uingereza kuliuzwa unga wa meno uliotiwa zebaki, nao uliwaletea watoto ugonjwa wa kuwasha na kuwa mekundu mikono na miguu, na wengine wakafa. Unga huo uliondolewa madukani mwaka 1954. Karibu nasi zaidi, katika Nigeria, tangu mwisho wa mwaka 2008 hadi mwanzo wa 2009, watoto 84 walikufa kwa kunyweshwa dawa ya maji ya meno iliyochanganyika na kemikali ya sumu. Wazazi wao walikuwa watu wenye upendo, waliotaka tu mtoto apate usingizi.

Bwana Mwenyekiti, sasa tumefika penye jambo lililo zito kuliko yote, nasi twaomba wazee wetu watuvumilie. Iko desturi iliyoenea kwa makabila mengi ya Afrika Mashariki. Mtoto akihara na kupata homa, hufunuliwa kinywa, na mahali pa chonge huonekana uvimbe mweupe juu ya ufizi. Wazazi huambiwa kwamba hilo ni jino bovu lenye mdudu. Jirani zetu wa Tanzania huyaita meno hayo meno ya nailoni au ya plastiki. Kisha ufizi hufukuliwa kwa kisu, msumari, au waya wa gurudumu la baiskeli, bila ganzi. Kitolewacho ni cheupe na laini kama funza, na wazazi wakionyeshwa husadiki. Lakini kile si funza wala nailoni. Ni chonge ya mtoto ambayo haijakomaa, na uvimbe ule ni hali ya kawaida ya ufizi unaoficha jino.

Mwaka 1969 Pindborg, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, aliandika habari za desturi hii kwa Waacholi wa kaskazini ya Uganda. Humu Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kati ya watoto 95 wa Kimasai, wenye miezi 6 hadi miaka 2, asilimia 87 walikuwa wamekwisha kufukuliwa chonge moja au zaidi. Hatutaji makabila hayo ili kuyaaibisha, maana kila mzazi aliyempeleka mtoto wake huko alimpeleka kwa kumtakia uzima.

Hata hivyo tazameni matokeo yake. Mtoto aliyekuwa akipungukiwa na maji sasa apungukiwa na damu pia. Kinywa kilichojeruhiwa hakiwezi kunyonya vema, na maziwa ya mama ndiyo yangemponya. Chuma kisichochemshwa chaweza kumtia vijidudu katika damu, na pepopunda, na kikitumika kwa watoto wengi chaweza kupitisha hata virusi vya Ukimwi. Chonge ya ukubwani, ambayo mbegu yake iko karibu na ile ya utoto, yaweza kuharibika au kuota upande. Na ule ugonjwa uliomfanya ahare ungali mle mle, haujaguswa. Akipona, amepona kwa sababu kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, lakini sifa hupewa ule waya wa baiskeli. Akifa, husemwa kwamba alichelewa kuletwa.

Basi tufanyeje mtoto aotapo meno? Kwanza, mama au mlezi anawe mikono kwa sabuni, kisha amsugue ufizi polepole kwa kidole kilicho safi kwa muda wa dakika moja au mbili. Pili, ampe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa, akitafune huku akiangaliwa, au kijiko kilichopozwa. Kiwe baridi tu, kisiwe barafu, maana barafu huumiza ufizi. Tatu, udenda upanguswe mara kwa mara ili ngozi ya kidevu na shingo isichubuke. Nne, anyonyeshwe kila atakapo. Na tano, abebwe na kubembelezwa, maana mgongo wa mama na sauti yake ni dawa isiyouzwa dukani. Maumivu yakizidi, yako maji ya parasetamoli, lakini yapimwe kwa uzito wa mtoto kama mhudumu wa zahanati atakavyoagiza, wala si kwa kukisia.

Yako na ya kukataza. Aspirini asipewe mtoto. Asali asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu viletavyo kupooza. Dawa za kupaka zitiazo ganzi ufizi zisitumiwe. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa ya ganzi iitwayo benzokaini yaweza kuizuia damu ya mtoto isichukue hewa ya kutosha. Katika mwaka huo huo mamlaka hiyo ilionya pia juu ya shanga za meno zivaliwazo shingoni, baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na ushanga usingizini. Hata kipande cha muwa au karoti ngumu chaweza kumkaba. Na jino la kwanza likionekana, lisafishwe asubuhi na usiku kwa mswaki mdogo laini na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, wala mtoto asilazwe na chupa ya chai ya sukari mdomoni.

Lakini mtoto akihara, tuliache jino na tuuzuie ugonjwa. Kuhara huua kwa kuumaliza mwili maji na chumvi. Anyonyeshwe zaidi, na apewe chumvi za pakiti zipatikanazo zahanati, zikichanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visirundikwe, naye anyweshwe kidogo kidogo. Zahanati humpa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Akiwa na homa, apimwe damu kwa malaria, na akipumua kwa haraka atazamwe kifua. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke vema, macho yakididimia, au kukiwa na damu katika choo, hapo hakuna kungoja asubuhi. Kadhalika mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe saa ile ile. Na kwa kuwa kinga hushinda tiba, tusikose chanjo. Tangu Julai 2014 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya virusi vya rota, viletavyo kuhara kukali, na ile ya surua hutolewa katika mwezi wa 9 na wa 18.

Bwana Mwenyekiti, sisi tushikao kalamu ya chama ndio tuandikao daftari la michango ya maziko. Mbele ya jina la kila marehemu iko nafasi ya kuandika sababu, nasi huandika kama wafiwa watuambiavyo. Mbele ya majina ya watoto wachanga, neno moja limeandikwa zaidi ya mara moja, nalo ni hili: meno. Kila mara chama kimetoa gari, jeneza na posho ya safari, wala hakuna mwanachama aliyenung'unika. Lakini siku tatu kabla ya hapo, baba alipopigiwa simu kutoka nyumbani na kuambiwa mtoto ana homa, alijibiwa na watu wa chumba chake, Ni meno tu, yatapita. Nauli ya pikipiki hadi zahanati ingekuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya lile gari.

Kwa hiyo twaweka mbele ya mkutano mapendekezo matatu. La kwanza, sehemu ya mfuko wa maziko itengwe iwe nauli ya wagonjwa walio chini ya miaka 5, itolewe siku ile ile kwa neno la mweka hazina na mjumbe mmoja wa kamati, bila kungoja mkutano. La pili, kila tawi la nyumbani limchague mama mmoja atakayeweka pakiti za chumvi nyumbani kwake, mlango wake ujulikane na kila mtu. La tatu, nalo laelekea kwa wazee wetu peke yao, wakubali kusimama hadharani kijijini na kusema kwamba mtoto wa ukoo huu hafukuliwi ufizi. Sisi vijana tukisema, tutaambiwa tumepotoshwa na vitabu. Mzee akisema, mkono wenye waya utarudi chini.

Hatuombi chama kitumie fedha zaidi, twaomba kizitumie mapema zaidi. Mtoto anaota meno ili aje ale nasi chakula cha wakubwa, na kazi yetu ni kuona kwamba afika mezani. Twangoja maswali na uamuzi wa mkutano.